Mgeni anaambiwa "hakuna kitu" Mtwara

Mhariri,

Mimi ni dereva wa bajaji hapa Mtwara mjini. Kijiwe chetu kinatazamana na geti la hoteli moja kubwa, ambayo siitaji kwa sababu riziki yangu iko pale. Mwezi uliopita, Jumamosi asubuhi, alitoka mama mmoja mtumishi kutoka Dodoma. Kikao kilichomleta kilikuwa kimeisha jana yake na ndege yake ilikuwa Jumapili. Nikamwamkia. Akaitikia, kisha akasema, "Mwanangu, nimewauliza mapokezi pa kutembea ni wapi. Wananiambia hapa hakuna kitu, nipumzike tu kwenye bwawa."

Nimeandika barua hii kwa sababu ya hilo "hakuna kitu". Ukutani pale mapokezi wamebandika tembo wa Serengeti na jahazi la Zanzibar. Sina ugomvi na tembo. Lakini kutoka kwenye hiyo meza hadi Mikindani ni kama kilomita 10, na binti anayekaa pale hajawahi kumwambia mgeni hata mmoja.

Nikamtajia yule mama bei ya siku nzima, tukaenda. Mikindani haihitaji maelezo marefu, inahitaji miguu. Tuliacha bajaji karibu na bahari tukapita vichochoroni, kwenye nyumba za mawe ya matumbawe, nyingine zimebaki kuta tu na mti umeota sebuleni, nyingine bado zina watu na milango ya nakshi. Mama alisimama kwenye mlango mmoja akapitisha kidole kwenye mchongo wa maua hadi mwenye nyumba akatoka kuuliza kulikoni. Wakaishia kuongea bei ya samaki. Juu kidogo kuna boma walilojenga Wajerumani mwaka 1895, sasa ni hoteli, na ukisimama pale unaiona ghuba yote. Nikamwambia kuwa Livingstone alianzia safari yake ya mwisho hapa, mwaka 1866, na hakurudi tena kwao akiwa hai. Akaniuliza mbona hayo hayajaandikwa popote hotelini. Mimi tena!

Tukarudi mjini na njaa. Hapo sikubahatisha. Nilimpeleka kwa mama lishe karibu na Feri ambaye hana bango wala menyu, ana masufuria matatu. Wali wa nazi, changu wa kupaka, na pweza aliyepondwa asubuhi ileile, laini hivi kwamba kijiko kinatosha. Pembeni binti alikuwa na beseni la ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini ya huku kwetu, akiiuza kwa mafungu na chumvi yenye pilipili. Mama hakuwahi kuiona ming'oko maishani mwake. Alimenya wa kwanza kwa mashaka, wa pili akamenya bila kuongea, halafu akanunua mafungu mawili ya kubeba. Jana yake usiku, kwa maelezo yake mwenyewe, alikula hotelini chipsi na kuku.

Sasa nije kwenye kinachoniuma zaidi. Kwenye bajaji alinionyesha kinyago alichonunua kwenye kiduka cha hotelini, kile cha watu waliopandana, tunachokiita ujamaa. Alikuwa amekishika njiani kwa sababu ya mashimo, na kiganja chake kilikuwa kimeingia weusi. Nikakigeuza chini. Kulikuwa na kibandiko cha duka la Dar es Salaam, na nilipokwaruza kwa ukucha pembeni ya kibandiko, ukatokea mti mweupe. Rangi ya viatu! Mpingo hauko hivyo. Mpingo ni mzito, ukiutia kwenye ndoo ya maji unazama, na weusi wake umo ndani kwenye moyo wa mti, haupakwi. Huyu mama amesafiri hadi mkoa wa Wamakonde, akauziwa kinyago bandia kilichopanda basi kilomita zaidi ya 500 kumfuata.

Nilimpeleka kwa mzee mmoja ninayemfahamu anayechonga chini ya mwembe. Mikono yake imejaa makovu ya tezo. Alikuwa na vinyago vinne tu, kimoja hakijaisha, na alimwonyesha mama ule ukanda mweupe wa nje ya gogo ambao wao huwa wanaumenya wote. Mama akanunua kidogo kuliko vyote. Bei ilikuwa chini ya ile ya hotelini.

Korosho ni hadithi ileile. Mkoa huu ndio wa korosho nchini, nyingi zinapelekwa India na Vietnam zikiwa ghafi, hilo tumelizoea. Lakini hoteli iliyopo Mtwara iuze korosho za kopo zilizofungashwa kwingine, wakati akina mama wanabangua na kukaanga mitaa michache kutoka pale? Mama aliniambia Dodoma mgeni haondoki bila kuonjeshwa zabibu. Nilinyamaza.

Sisi madereva nasi si malaika. Wapo kati yetu wanaomwona mtu katoka kwenye lile geti wanamtajia nauli mara tatu, na mlinzi akitufukuza mara nyingine anajua anachokifanya. Tuko tayari kukaa chini na uongozi wa hoteli tukubaliane bei, iandikwe, ibandikwe getini. Kwa upande wao, naomba karatasi moja tu pale mapokezi: Mikindani, kanisa katoliki la Majengo, ambalo kuta zake padri Mbenediktini kutoka Ujerumani alizijaza michoro ya Biblia, kivuko cha Msangamkuu, soko. Mwenye gari la kuhimili mchanga aambiwe habari za fukwe za Msimbati na Ruvula, kwenye hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 2000, maana huko bajaji yangu haifiki. Mwenye siku mbili apande Newala akachungulie Shimo la Mungu, lile bonde lenye kina kirefu. Na kile kiduka kinunue kwa wachongaji wa hapa, hata kama ni vinyago vitano kwa mwezi.

Kinyago cha rangi ya viatu mama alikirudisha dukani, wakakataa kurudisha hela, akawaachia mezani. Wiki iliyopita kanipigia simu. Wenzake watatu wanakuja kikao kingine mwezi ujao na wamepangiwa hoteli hiyohiyo. Amewaambia wasiulize kitu mapokezi, wavuke barabara.

Dereva wa bajaji,
Mtwara Mjini.