Dada, uliniuliza nafurahia nini

Mbukwa dada yangu, shikamoo.

Nimeona nikuandikie hapa hadharani maana siku ile kwenye simu ulinikatia, afu najua hauko peke yako mwenye swali hilo. Uliniuliza, "We mume mgonjwa kalala ndani, biashara hamna, kila nikikupigia nakukuta unaimba imba, unafurahia nini hasa?" Nikakujibu Bwana ni mwema, ukakata. Na ulikuwa na haki, lile lilikuwa jibu la kuandika nyuma ya bajaji.

Ya kwako nayajua. Zabibu zimeiva hapo Hombolo, mnunuzi aliyewaahidi kila siku kesho kesho, mpaka zikachachia kwenye mti nyuki wakafanya sherehe, na hela ya vikoba uliyonunulia dawa ya ukungu na mbolea bado inadaiwa. Afu mtu anakuja kwenye maombi ya mtaa anakwambia tabasamu dada, mkristo hanuni. Mi ningemrushia kigoda.

Sasa sikia. Kuna usiku umeme umekatika, nimeshamgeuza shemeji yako asipate vidonda mgongoni, usingizi hamna, nikafungua Biblia kwa tochi ya simu ikaangukia Habakuki. Kitabu kidogo hicho, sura tatu tu, wengi tunakiruka. Jamaa anaanza kwa kugombana na Mungu, mstari wa pili tu wa sura ya kwanza: "Ee BWANA, nilie hata lini, wewe usitake kusikia?" Nikasema haya, huyu namwelewa. Nikaendelea mpaka sura ya tatu mstari wa 17 nikakuta "wala mizabibuni hamtakuwa na matunda". Mizabibuni dada! Nilicheka peke yangu gizani, nikasema huyu nabii kapita Hombolo.

Ila angalia anavyofanya. Anataja mtini, mzabibu, mzeituni, shamba, zizi, ng'ombe, kimoja kimoja, kama mtu anaandika hasara kwenye daftari la duka, haruki kitu. Na sisi Wagogo ukishatuambia zizi halina ng'ombe umemaliza, hamna tena cha kuongeza. Ndo akishafika hapo chini kabisa anasema "Walakini nitamfurahia BWANA". Hasemi mzabibu utazaa mwakani, hasemi mnunuzi kapiga simu. Kwenye ule mstari hajarudishiwa hata mbuzi. Yaani mi miaka yote nilidhani furaha ya mkristo ni kujifanya hasara haipo, kumbe unaihesabu yote kwanza.

Na Paulo nae, ile "furahini katika Bwana sikuzote" aliwaandikia Wafilipi akiwa kwenye minyororo, na Filipi ndo mji uleule aliochapwa bakora yeye na Sila wakatupwa gerezani wakaimba usiku wa manane. Wale watu hawakuhitaji kuelezwa, mgongo wake ulishaeleza.

Sasa furaha yenyewe ikoje, maana hilo ndo swali lako. Sio kama ya harusini. Shemeji yako unamkumbuka kwenye kwaya, besi yake ilikuwa inatikisa mabati. Tangu kiharusi kimpate maneno hayatoki, anataka kusema maji inatoka kitu kingine, anakasirika anageukia ukutani. Asubuhi moja namwogesha, naimba wimbo wa zamani ule tuliojifunza kwa mama, nikasikia chini yangu besi. Na maneno yake dada! Kusema hawezi, kuimba akaweza. Daktari wa mazoezi aliniambia baadae hilo huwa linatokea, eti kuimba kunapita njia nyingine kichwani. Sawa, Mungu ndo aliyeitengeneza hiyo njia. Nililia na sabuni mkononi. Mkono wake wa kulia bado haujanyanyuka mpaka leo naandika, na Jumanne nilimfokea kwa uji aliomwaga nikaenda kujifungia chooni, kwahiyo usinifanye malaika.

Unakumbuka mama na mlenda? Masika watu wanakula mbichi, yeye anaanika, anatwanga, anaweka kwenye kibuyu. Mwezi wa tisa vumbi limetanda hata jani hamna, sie tunakula ugali wa uwele kwa mlenda. Mwezi wa tisa hakuwa anaenda kuutafuta porini, alikuwa anautoa. Zile nyimbo nae alizianika hivyohivyo, tukiwa watoto tunasinzia.

Jumamosi nakuja na daladala ya kwanza, jirani atakaa na mgonjwa. Usichinje kuku, najua ulivyo. Leta daftari tuandike hasara yote, zabibu, dawa, hela ya vikoba, hadi zile nguzo zilizoliwa na mchwa, na huyo mnunuzi tumwandike, afu ndo tusome pamoja. Ukitaka kulia tutalia. Simu nikatie tu ukipenda, ila mlango usinifungie, nitakuwa nimebeba unga kilo kumi kichwani.