Barua ya malalamiko: Mmevunja ukuta wa viganja na mkamfukuza binti yangu kwenye kifusi

Kwa Meneja Mkuu,

KUH: GETI JIPYA, UKUTA WA VIGANJA NA SUPAVAISA WENU WA JUMAMOSI

Salamu. Natumaini mko salama huko ofisini. Naandika nikijizuia sana kwa sababu mamangu alinilea niongee na watu kwa heshima, na ni juu ya mamangu naandika, na juu ya ule ukuta wa mlangoni mwa bustani yenu ya michezo, wenye familia zililipia kuweka alama za viganja kwa vigae vya simenti, mkauvunja mkajenga geti jipya lenye skrini.

Tangu Jumamosi nimepigia kastoma kea mara nne. Wa kwanza akasema nitapigiwa, wa pili akasema hiyo ni kazi ya kontrakta si yenu, mara ya tatu nikawekewa muziki mpaka kredo ikaisha, na ya nne mtu akashika simu, akasikia sauti yangu, akakata. Ndio maana leo nimekaa chini na simu yangu nimeandika yote, na nawaomba mtu asome mpaka mwisho.

Supavaisa wenu alimnyang'anya mtoto wangu kipande cha kigae mkononi na akakitupa kwenye kifusi kikavunjika mbele yake. Hilo ndilo jambo. Mengine yote nitayasema lakini hilo ndilo limefanya nisilale.

Masharti ya cheti mlichotupa tulipolipia kigae mnayajua, mliyaandika nyinyi. Mamangu alilipa 1,500 Desemba 2014, risiti ninayo, cheti ninacho, na kwa cheti mmeandika wenyewe kwamba alama ya familia yetu itabaki mlangoni. Hamkuandika itabaki mpaka mpate skrini. Hamkuandika itabaki mpaka rangi mpya ije. Namba ya simu tuliwaachia, na ni hiyo hiyo mnayotutumia meseji za ofa kila Ijumaa, sasa mlishindwaje kutuma meseji moja tu, njooni mchukue vigae vyenu kabla tubomoe?

Sisemi msijenge. Siwachukii. Nimekuja kwenu tangu 2009 na Uhuru Park ilipofungwa 2021 kwa ukarabati ni kwenu tulikuwa tunaleta watoto kila likizo, tunabadilisha mathree mbili kutoka Kayole na chapati kwa kontena. Nitasema ukweli pia, vyoo mlivyoweka karibu na geti ni visafi na vilikuwa vinahitajika, na zile taa za juu kijana wangu mdogo alizipenda, hata vijana walikuwa wamejaa hapo wakipiga selfi na wanafurahia. Hiyo sikatai. Lakini nilikuwa kwa laini saa nzima na nikasikia wenye wamekuja miaka mingi wakiongea. Kulikuwa na mzee amekuja na wajukuu wawili, anaangalia huku na huku, anauliza soja, "Kwani ule mti uko wapi?" Soja akanyamaza tu. Mama mwingine alikuwa na mtoto mgongoni, akajaribu kupita kwa zile chuma za kuzunguka, zikamshika na mtoto akaanza kulia, ikabidi afungue leso amshushe mtoto, ampitishe juu kwa mtu hajui, ndio yeye apite. Mabenchi mmetoa yote. Kivuli hakuna. Ukishapita hapo unalazimishwa kupitia ndani ya duka la midoli ndio ufike kwa tiketi, na mzazi mwenye amekuja na pesa ya kuhesabu anaanza siku yake akimwambia mtoto hapana, hapana, hapana. Na ile kadi mnayotulipisha shilingi 200, zenye haurudishiwi, mnajua wenyewe.

Binti yangu anapenda hizi bustani za michezo kuniliko, anasoma habari zake zote, anajua ni nani alijenga nini na mwaka gani. Aliwahi kuniambia ati Disneyland ya kwanza kabisa, ile ya California ya 1955, mlango wake waliujenga ukipita chini ya reli, ili ukiingia dunia ya nje ipotee nyuma yako. Nikamwambia basi hata hawa wa kwetu walijua, maana ukuta wetu wa viganja ulikuwa hivyo, unapita katikati ya mikono ya watu wengine, unatafuta wako, unaweka mkono wako juu ya ule mdogo wa zamani unaona vile umekua. Kila mwaka alifanya hivyo. Kila mwaka nilimpiga picha.

Na usiniambie haiwezekani kujenga upya bila kuvunja vya watu. Binti yangu ndiye alinionyesha ya EPCOT, bustani nyingine ya Disney, ile ya Florida ya 1982. Walikuwa na mawe makubwa ya graniti pale mlangoni yenye vibati vidogo vya chuma vimechorwa sura za wageni, maelfu kwa maelfu, na wageni wengine hata hawakuyapenda mawe yenyewe, walisema yanaziba mlango. 2019 wakaanza kuyatoa. Lakini zile sura hawakuzitupa. Walizihamisha wakazijengea mahali pengine hapo hapo nje ya geti, na wakarudisha fauntini iwe kama ile ya mwanzo. Watu wakapata geti lenye nafasi na wenye sura zao bado wanaenda kujitafuta. Nyinyi vigae vyetu havikufika hata theluthi ya hivyo na mlishindwa kuvipanga kwa stoo.

Sasa Jumamosi. Tulikuwa tumeshaingia, tumetafuta ukuta hatukuuona, nikauliza kwa dirisha la tiketi nikaambiwa "iliondolewa madam." Binti yangu hakusema kitu. Tukaenda upande wa parking kutafuta pa kukaa kwa sababu mabenchi hamna, na hapo nyuma ya mabati, yenye hata hayakuwa yamefungwa vizuri, tukaona kifusi na ile rangi ya bluu. Alikimbia. Akapiga magoti kwa mawe na nguo yake nzuri akaanza kupekua. Dakika kama ishirini. Akapata.

Mamangu alikuwa na kidole cha mwisho kilichopinda, alikivunja na jembe akiwa msichana na hakikuunganishwa vizuri. Siku ile ya 2014 alishika mkono wa mjukuu wake akaukandamiza kwa simenti mbichi, na pembeni ya kiganja cha mtoto wa miaka minne kikabaki hicho kidole chake kimepinda kama ndoano. Hicho ndicho kipande binti yangu alipata. Ukubwa wake kama simu. Akakipangusa na sketi yake akaniinulia, "Mum, ni shosh." Shosh ndivyo alivyomwita nyanya yake.

Hapo ndipo supavaisa wenu akaja na redio yake. Akasema hizo ni taka, lori linakuja, tutoke. Binti yangu akamwambia kwa adabu, hii ni yetu. Akamnyang'anya. Akatupa.

Kwa sababu nimepiga simu mara nne bila kusikizwa, nitarudia, na safari hii na maneno yake yote. Alikuja anatafuna chingamu. Hakutusalimia. Akasema, "Nyinyi, ni nani amewaruhusu hapa?" Nikamwambia kuna ukuta ulikuwa hapa na tulilipia. Akasema, "Hizo ni taka za ujenzi, zinaenda dampo." Binti yangu bado amepiga magoti, amekishika kwa mikono miwili kifuani, akasema, "Tafadhali uncle, hii ni ya shosh yangu." Na huyo mtu mzima, mfanyakazi wenu mwenye jina la kampuni yenu kwa shati, akamwambia, "Kama ni ya shosh yako, mwambie aje aichukue mwenyewe." Ndio akaivuta kutoka mikononi mwake na kuitupa juu ya kifusi, ikagonga jiwe, nikasikia ikipasuka.

Mamangu alifariki Mei 2020 Kitui. Nairobi ilikuwa imefungwa, hakuna kutoka, hakuna kuingia, na mazishi yalikuwa ya watu kumi na watano. Mimi nilipata kibali cha kusafiri. Mtoto hakupata. Hakumuona shosh yake, hakutupa hata mchanga. Kitu alikuwa nacho cha kushika ni huo mkono kwa ukuta wenu, na kila likizo alikuwa anaenda kuushika. Yuko Gredi ya 9 sasa, ni msichana mkubwa, na kwa mathree ya kurudi alilia kutoka steji mpaka Kayole na watu wote wanatuangalia.

Kwa hivyo naomba haya. Barua ya kuomba msamaha, kwa jina la binti yangu si langu. Pesa za kiingilio za siku hiyo, 2,600, na zile 200 za kila kadi. Na hicho kifusi kisiguswe mpaka familia zote zenye vyeti ziitwe zije zitafute zao.

Nilikuwa nimeandika siku kumi na nne. Nimefuta. Ni siku saba. Na barua peke yake sitaki tena, huyo supavaisa aje asimame mbele ya mtoto wangu, amwangalie macho, aseme pole. Na ukuta ujengwe upya, hata kama ni hapo nyuma ya vyoo, pahali mtoto anaweza kuweka mkono.

Msiponijibu, Kifungu cha 46 cha Katiba kinanipa haki kama mteja na Sheria ya Ulinzi wa Mteja ya 2012 ipo, mawakili wenu wanaijua. Mahakama ya Madai Madogo pale Milimani haihitaji wakili, inasikiza kesi za mpaka milioni moja na inapaswa kumaliza kwa siku sitini. Nitaenda na risiti na cheti. Na sitaenda peke yangu, yule mzee wa wajukuu wawili alinipa namba yake kwa laini, yeye ana vigae viwili kwa huo ukuta, na wengine tunaendelea kuwapata. Tukifika ishirini tutakuja kusimama kwa hilo geti lenu jipya, chini ya hiyo skrini, kila mtu na cheti chake juu, kila Jumamosi mpaka mtuone.

Jambo la mwisho. Jumapili nikifua nguo nilipata kipande kwa mfuko wa kaptura ya kijana wangu mdogo, ana miaka sita, alikiokota kimyakimya wakati supavaisa anapiga kelele. Kina nusu ya kiganja cha dada yake. Kile cha kidole kiko kwenu. Lori lisiondoke. Jumamosi saa mbili asubuhi nitakuwa hapo upande wa parking na gunia na karai, mwambieni soja anifungulie.

Mimi,
Mteja wenu tangu 2009,
Kayole, Nairobi