Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Kisumu

Wanachama wapendwa,

Shughuli za kawaida mnazijua. Tulikutana mara nne, tukamzuru mwenzetu mgonjwa, na tarehe 1 Juni tukakumbuka siku Jeshi la Wanahewa la Kenya lilipozaliwa mwaka 1964. Walialikwa 64, wakaja 11, na wawili waliondoka mara tu baada ya chai. Sitasema zaidi, ingawa viti nilikodi mimi.

Sasa malalamiko kuhusu ubao wetu wa majina ya marubani wenye nishani. Nimepigiwa simu usiku, nimesemwa hadi matangani. Kamati iliniachia uamuzi, nami niliamua uwe na safu mbili: ushujaa na utumishi. Jambo hili sikulibuni mimi. Waingereza walianzisha nishani za DFC (Distinguished Flying Cross) na AFC (Air Force Cross) siku moja, 3 Juni 1918, na wakazitenganisha: DFC kwa anayeruka akipambana na adui, AFC kwa ujasiri na kujitolea angani pasipo vita. Nani atasema mwenye AFC ni mwoga?

Jenerali Francis Ogolla nilimweka safu ya utumishi. Ndugu zetu wa Siaya wakaona nimemshusha. Hata kidogo! Huyu ni mwana wa Alego aliyeingia jeshini 1984, akawa rubani wa ndege za kivita na mkufunzi wa marubani, akaongoza wanahewa na hatimaye majeshi yote, mpaka helikopta ilipoanguka Elgeyo Marakwet tarehe 18 Aprili 2024, akafa na wenzake tisa. EGH (Elder of the Golden Heart) aliyokuwa nayo ni nishani ya utumishi kwa taifa. Kumhamisha safu ni kumvisha nishani ambayo serikali haikumvisha, na mimi si serikali.

Wapo pia waliouliza Ulric Cross wa Trinidad anatuhusu nini. Aliruka safari 80 za vita akiwa mwongoza njia wa ndege, akapata DFC mwaka 1944 na nishani ya DSO (Distinguished Service Order) baadaye, kisha akaja kuwa jaji Tanzania. Huyo ni jirani.

Tena jina la Jenerali fundi wa Kibuye alikuwa ameliandika kwa L moja. Nilisimama saa mbili nikimmulikia kwa simu huku akilikwangua kwa msasa. Waliolalamika sikuwaona pale.

Fedha: salio la mwaka jana 6,200, ada 22,800, mbao, rangi na fundi 31,500. Pengo la 2,500 nimeliziba mwenyewe. Waliolipa ni 19. Wengine 45 hawajalipa, na baadhi yao ndio wanaotaka ubao uandikwe upya.

Mwakani tunatumaini kuwapeleka vijana Nanyuki wakaione kambi ya wanahewa ya Laikipia, ruhusa ikipatikana na pesa zikiwepo. Ukumbi tulioahidiwa bado, kwa hiyo ubao uko sebuleni kwangu, nyuma ya kochi. Anayetaka kuuona apige simu kwanza, na aje na ada yake.

Mwenyekiti