Futi 14 au futi 16: kuchagua boti ndogo ya alumini kwa maji yetu

Wiki iliyopita mteja mmoja alisimama kati ya boti mbili hapa karakanani kwetu Masese, Jinja, kwa karibu saa nzima. Ya kwanza ni ya futi 14, chini yake ni bapa, imeunganishwa kwa ribiti, na vijana wawili wanaibeba mpaka majini bila kutua. Ya pili ni ya futi 16, chini ina umbo la V, imechomelewa kila kiungo, na kuishusha kunahitaji watu wanne au toroli. Mzee huyu anafuga ngege (tilapia) kwenye vizimba upande wa Buvuma. Mwishowe akauliza swali tunaloulizwa kila mara: "Fundi, nikichukua hii ndogo, hela inayobaki nikaiongeza kwenye injini, nikafunga ya farasi 40, si nitawahi zaidi?"

Tulimwambia, "Mzee, hapana. Afadhali uchukue kubwa na uifunge injini ya farasi 15." Hakutuelewa mara moja, na hatumlaumu, kwa sababu kwa macho tu jibu hilo linaonekana kama la mtu anayetaka kuuza kilicho ghali. Ndiyo maana tunaeleza hapa kwa kirefu.

Kabla ya yote, uwe na hakika na kazi ya boti yenyewe. Kama unataka kutega nyavu za sangara, yule tunayemwita mputa, kwenye Ziwa Victoria, hakuna hata moja kati ya hizi mbili itakayokufaa: kiwango kinachojulikana mialoni kwa boti ya uvuvi wa biashara ni futi 28, na jeshi la Uganda lilipoanza kusimamia uvuvi mwaka 2017, watu wengi walipoteza boti fupi kwa kulijua hilo baada ya kununua. Boti za futi 14 na 16 ni za kulisha samaki vizimbani, kuvua kwa ndoana ya fimbo, kupeleka wageni wa hoteli, na safari fupi za mwaloni. Nenda kwa afisa wa uvuvi wa wilaya yako kabla hujatoa hata shilingi moja. Sisi tutakusubiri.

Sasa turudi kwa umbo la chini. Ziwa Victoria ni pana, karibu kilomita za mraba 68,800, na upepo ukishapata nafasi hiyo yote ya kukimbia, unainua mawimbi mafupi yenye mgongo mkali, yanayofuatana bila kukupa nafasi ya kupumua. Asubuhi unaondoka maji yametulia kama uji uliopoa. Ifikapo saa saba mchana, unarudi ukiwa umekaa kwenye ubao unaokupiga kiunoni. Boti bapa inalipiga wimbi kofi: pua inapanda, inaanguka na uso wake wote, na kila pigo linapita kwenye kila ribiti. Boti ya V inalipasua wimbi na kuliacha lipite pembeni. Tofauti hiyo huioni ukiwa Masese nyuma ya kisiwa. Utaiona ukitoka kwenye ghuba.

Lakini tusiidharau ile bapa. Kama wewe ni mtu wa Kyoga, ambako sehemu kubwa ya ziwa kina chake ni mita tatu au nne tu na njia zinapita katikati ya mafunjo na mayungiyungi, chukua bapa bila kusita. Inaelea kwenye maji ya kufika gotini, haiyumbi ukisimama kuvuta ndoana, na inaridhika na injini ndogo. Vivyo hivyo kwa anayefanya kazi ndani ya ghuba iliyokingwa, kizimba kikiwa mita mia mbili kutoka ufukweni. Kwa Ziwa Albert, ambako upepo huteremka ghafla kutoka kwenye ukingo wa bonde, sisi hatuiuzi bapa ya futi 14 kwa mtu anayetuambia kwamba atavuka.

Kisha kuna mzigo, na hapa ndipo yule mzee alipoanza kubadilika uso. Tulichukua chaki tukaandika sakafuni. Magunia kumi ya chakula cha samaki, kila moja kilo 25: kilo 250. Watu watatu: tuseme kilo 210. Injini ya farasi 15, karibu kilo 40. Tangi la lita 25 likijaa petroli, karibu kilo 20. Jumla kilo 520, na bado hujaweka nanga, kamba, makasia na jaketi okozi. Boti nyingi zilizotoka Marekani, zikiwa chini ya futi 20, hubandikwa kibao kidogo karibu na usukani au ubao wa nyuma, ule unaofungwa injini, kinachotaja uzito wote, idadi ya watu na nguvu ya juu ya injini. Futi 14 tunazopokea husoma kilo 300 hadi 450. Kwa hiyo safari moja ya mzee ingekuwa safari mbili, au safari moja ya kuomba Mungu. Kibao kikiwa kimeng'olewa, kuna kanuni ya haraka ya Wamarekani: zidisha urefu kwa upana kwa futi, gawanya kwa 15. Futi 14 kwa 5 inakupa watu wanne, na hapo hali ya hewa iwe njema.

Farasi 40 kwenye boti kama hiyo haiongezi mwendo unaoutaka. Inaivuta nyuma izame, pua inakutazama usoni, na ubao wa nyuma unaanza kupata nyufa pembeni. Halafu jambo ambalo wauzaji wengi hawalitaji: Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kwa hewa nyepesi ya hapa injini ya kawaida hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu yake. Farasi 15 za kitabuni ni kama 13 na nusu majini kwetu. Dawa yake ni propela yenye hatua fupi kidogo (hatua ni umbali ambao propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja), inchi moja au mbili pungufu, ili injini ifike kwenye mizunguko yake. Propela ni bei ndogo sana ukilinganisha na injini mpya. Pima pia urefu wa mguu wa injini, ile sehemu inayoshuka majini na propela: ubao wa nyuma wa inchi 15 unataka mguu mfupi, wa inchi 20 unataka mguu mrefu. Ukichanganya, ama propela inavuta hewa na kupiga kelele, ama mguu unaburuta maji na kuzoa magugu maji.

Suala la ribiti na kuchomelea lina watu wake, na wote wana hoja. Ribiti si teknolojia duni. Kampuni ya Grumman ya Marekani, iliyokuwa ikiunda ndege za kivita, ndiyo iliyogeukia mitumbwi ya alumini vita vilipokwisha, kwa ufundi uleule wa bawa la ndege. Bati lake huwa jembamba, milimita moja na nusu au mbili, ndiyo maana boti ni nyepesi. Shida ni kwamba baada ya miaka ya kupigwa kofi na mawimbi, ribiti zinalegea. Kuna njia rahisi ya kuzijua: weka boti juu ya magogo ikiwa kavu kabisa, uimwagie maji ndani mpaka yafunike sakafu, kisha lala chini uitazame. Subiri dakika kumi. Tone litajitokeza kwenye kichwa cha ribiti, litaning'inia, litaanguka, na lingine litafuata. Zungushia chaki. Mwezi uliopita tulizungushia ribiti 23 kwenye boti ambayo mwenyewe aliapa kwamba "inaingiza maji kidogo tu." Mmoja anashika chuma kizito ndani, mwenzake anagonga nje, na ribiti inakaza tena. Kazi hiyo inafanyika hata kisiwani.

Ya kuchomelewa, bati la milimita tatu au nne, haina ribiti za kulegea, na ikigonga jiwe hubonyea kabla ya kutoboka. Ila ikipasuka, usimpe fundi wa mageti. Ngozi ya oksidi juu ya alumini huyeyuka kwa nyuzi zaidi ya 2,000, ilhali alumini yenyewe huyeyuka kwa 660. Bila mashine sahihi na gesi ya agoni atakutobolea shimo kubwa kuliko ufa. Itabidi uilete mjini.

Na zote mbili zina adui mmoja: shaba. Kipande cha waya wa umeme kikidondoka chini ya sakafu na maji yakakaa hapo, kitakula bati polepole hadi upande wa pili. Fagia sakafu kila juma, tena kwa mkono wako. Kama boti ni ya zamani, gonga ubao wa nyuma kwa mpini wa bisibisi. Sauti nzito iliyofifia maana yake plaiwudi iliyo ndani imeoza. Kisha shika mguu wa injini uutikise juu na chini. Ubao ukicheza, usilipe.

Mzee wa Buvuma aliichukua ya futi 16 na injini ya farasi 15, na hela iliyobaki ikanunua jaketi okozi tano na propela ya akiba. Ukitaka kulinganisha mwenyewe, njoo asubuhi na uzito wa mzigo wako ulioandikwa kwenye karatasi. Tutajaza magunia ya mchanga uzito uleule, tutazishusha boti zote mbili, na utaziendesha nje ya ghuba mchana, upepo ukiwa umeshaamka.