Mafundi, msikate waya wa hita plagi

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na mafundi wa magari wa jiji hili, hasa wanaoshika injini kuukuu za dizeli kama 2L na 3L za Toyota, kuhusu hita plagi, zile plagi za umeme zinazopasha joto injini ya dizeli iliyopoa ili iwake.

Mimi ni mchuuzi wa samaki. Saa 10 alfajiri natakiwa niwe nimeshawasha pikapu yangu, Hilux aliyoniachia marehemu mume wangu, niwahi mnada wa samaki Feri. Nikichelewa nusu saa, changu na kibua wazuri wameshapata wenyewe. Mwaka jana gari likaanza kugoma asubuhi. Starta inazunguka vizuri, injini inakohoa, moshi mweupe unaochoma macho unajaa uani mpaka jirani anafunga madirisha. Mchana likishapata moto, ukigusa tu swichi linawaka.

Fundi wangu akanifundisha kuloweka kitambaa kwa petroli na kukiweka kwenye mdomo wa eya klina, yaani kichujio cha hewa ya injini. Nikafanya hivyo miezi miwili. Liliwaka, ila kwa kishindo, kama mtu anapiga nyundo ndani. Mwisho ringi za silinda ya tatu zikavunjika, nikakaa wiki tatu bila gari na madeni ya barafu juu.

Mzee mmoja wa Temeke ndiye aliyeondoa betri akanionyesha waya mnene uliokatwa, ncha zake zimeviringishwa utepe mweusi. Ulikuwa waya wa hita plagi. Nilipomuuliza aliyeukata, akanijibu: "Mama, Dar joto, hita za nini?"

Jibu hilo limeniuma. Joto tunalisikia sisi. Injini hizi hupuliza dizeli kwenye kijichumba kilichomo ndani ya silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, na chuma kilicholala usiku kucha hunyonya joto la hewa iliyobanwa kabla dizeli haijashika moto. Injini mpya pengine itavumilia asubuhi ya Desemba. Yangu iliyochoka haiwezi, na Julai ndiyo kabisa. Wenzangu wanaofuata viazi Njombe kwenye baridi watasemaje?

Na kupima si kazi ya kutisha, maana siku hizi napima mwenyewe. Unafungua zile nati ndogo, unatoa kile kipande cha bati kinachounganisha plagi zote nne. Unachukua balbu yenye waya mbili, mmoja unaubana kwenye chanya ya betri, mwingine unagusa kichwa cha plagi moja moja. Balbu ikiwaka, waya wa ndani ya plagi haujakatika. Isipowaka, hiyo imekufa. Zangu mbili zilikuwa zimekufa. Zikiwa nzima zote, angalia kama umeme unafika kwenye lile bati swichi ikiwa imewashwa; usipofika, tafuta kwenye fyuzi na rilei, ile swichi inayojiwasha yenyewe kwa umeme, kabla hujamwambia mtu anunue plagi. Na gari likigoma hata likiwa la moto, hapo ziacheni hita, kaangalieni pampu, nozeli na mgandamizo.

Jambo jingine ni volti. Plagi mpya nilizouziwa kwenye maduka ya Gerezani zilidumu siku kumi na moja. Zilikuwa za volti 6, za mfumo wenye kipunguza umeme, nasi tukazifunga moja kwa moja kwenye volti 12 kwa kitufe cha kubonyeza. Moja ncha yake ilivimba ikapasuka ubavuni. Yule mzee aliitoa taratibu, injini ikiwa ya uvuguvugu, robo zamu mbele, robo nyuma, huku jasho linamtoka, kwa sababu ncha ikikatikia ndani lazima hedi ifunguliwe.

Volti imeandikwa kwenye shingo ya plagi yenyewe, herufi ndogo mno. Wauzaji wa vipuri, nawaomba muisome mbele ya mteja kabla ya kufunga mzigo, na mumuulize gari lake linatumia rilei au kitufe.

Mama muuza samaki,
Mbagala, Dar es Salaam