Fundi apime kwanza, ndipo pesa ya spea iende Dar

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenye magari ya zamani wa Mtwara, Masasi, Newala na Lindi kuhusu jambo linalowamalizia fedha kila msimu: kuagiza spea za injini Dar es Salaam kwa kutaja jina la gari tu. "Nitumie gasketi ya Land Rover." "Nitumie ringi za Hilux." Muuzaji wa Kariakoo anatuma alichoelewa. Kifurushi kinasafiri kwa basi zaidi ya kilomita 500 hadi Mtwara, kinafunguliwa gerejini, hakikai. Kinarudishwa, kama muuzaji atakubali kukipokea, na siku zote hizo injini iko wazi inakula vumbi na hewa ya chumvi.

Jina la gari halitoshi hata kidogo. Hilux za dizeli zinaweza kuwa na injini ya 2L yenye silinda ya kipenyo cha milimita 92, 3L ya milimita 96, au 5L ya milimita 99.5, na kwa nje zinafanana kama watoto wa tumbo moja. Hata 2L yenyewe si moja: zile za mwanzo zina roka (mikono midogo inayosukuma valvu) juu ya hedi, yaani kifuniko cha juu cha injini, na zilizofuata kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 kemu (shafti yenye vinundu) inakandamiza valvu moja kwa moja. Kwa Land Rover Defender, injini za 200Tdi na 300Tdi zote ni cc 2,495 na silinda zake ni milimita 90.47, lakini hedi na gasketi zake haziingiliani. Land Rover za zamani zaidi, zile za lita 2.25, zilikuwa na beringi kuu tatu za kranki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) hadi 1980, kisha zikawa tano. Ukiagiza seti bila kusema ni tatu au tano, umecheza bahati nasibu.

Wengi husoma namba ya injini kwenye kadi ya gari. Kwa gari lililokaa Kusini miaka ishirini au thelathini, kadi si shahidi wa kutegemea, kwa sababu injini nyingi zimeshabadilishwa. Safisha bloku kwa dizeli na brashi ya waya, soma namba iliyogongwa kwenye chuma chenyewe, ipige picha, na picha hiyo ndiyo itangulie Dar kabla ya pesa. Ukipata namba ya spea iliyoandikwa kwenye kifaa cha zamani, ni bora zaidi. Namba za Toyota zina mpangilio: tarakimu tano za kwanza hutaja aina ya kifaa, kwa mfano 11115 ni gasketi ya hedi, na mbili zinazofuata mara nyingi hutaja familia ya injini, 54 kwa familia ya L na 17 kwa 1HZ ya Land Cruiser. Kwa hiyo ukiletewa gasketi ya 11115-17 nawe una Hilux, usiifungue hata nailoni yake.

Sasa niingie penye hasara kubwa zaidi, pistoni na kranki. Gereji nyingi hupeleka bloku kuchongwa, yaani silinda kupanuliwa, kwanza, halafu ndipo pistoni zitafutwe. Huo ni utaratibu wa kinyume. Pistoni kubwa kuliko za kiwandani huuzwa kwa hatua, kwa kawaida milimita 0.50, 0.75 na 1.00 zaidi, na kwa injini za zamani si kila hatua ipo dukani. Bloku ikichongwa kwa 0.50 kisha Dar yote ikawa na 1.00 tu, itabidi ichongwe tena, na umetupa uhai mzima wa bloku hiyo. Baada ya 1.00 hakuna kwa kwenda ila kuvisha slivu, yaani bomba jipya la chuma ndani ya silinda. Utaratibu sahihi ni huu: fundi apime kila silinda juu, katikati na chini, kila mahali mara mbili, kwa urefu wa injini na kwa upana wake. Silinda huchakaa zaidi juu, pale ringi ya kwanza inapogeukia, na zaidi kwa upande wa upana wa injini, kwa kuwa ndiko pistoni inakosukumwa. Silinda mbaya kuliko zote ndiyo inayoamua saizi. Ukishaijua, uliza Dar saizi hiyo ipo au la, nunua pistoni, ziletwe mkononi mwa mchongaji azipime, ndipo atie kisu.

Kranki nayo ni hivyo hivyo. Ikichongwa inapungua, hivyo beringi zake huja kwa hatua za milimita 0.25, 0.50 na kuendelea, na za Land Rover nyingi huandikwa kwa sehemu za elfu za inchi, 010, 020, 030, ambapo 010 ni karibu sawa na milimita 0.25. Saizi hugongwa mgongoni mwa beringi, lakini msiamini maandishi ya boksi wala ya mgongoni peke yake, maana boksi la bandia limejaa sokoni. Chukua mikrometa, kifaa cha kupima unene: beringi ya 0.25 lazima iwe nene kuliko ya standadi kwa nusu yake, yaani 0.125, kwa sababu inajaza pande zote mbili za shingo ya kranki. Isipofika hapo, irudi. Ringi mpya nayo itumbukizwe ndani ya silinda, isawazishwe kwa kichwa cha pistoni, na pengo kati ya ncha zake lipimwe kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia). Kwa silinda ya milimita 92, pengo la milimita 0.3 hadi 0.5 ni la kawaida. Likikaribia milimita nzima, ama ringi si yake ama silinda imekwisha.

Gasketi ya hedi ya 300Tdi inastahili neno lake. Zipo za unene wa aina tatu, milimita 1.30, 1.40 na 1.50, zikitambulika kwa kitundu kimoja, viwili au vitatu ukingoni. Uteuzi unategemea pistoni inapanda juu ya uso wa bloku kwa kiasi gani, na hilo hupimwa kwa geji yenye uso wa saa, pistoni zote nne, kisha hufuatwa ile iliyopanda zaidi. Anayefunga nyembamba kwa sababu ndiyo iliyokuwepo dukani anakaribisha pistoni kugonga hedi.

Si kila kitu lakini kitoke Dar. Beringi ya alteneta ikiandikwa 6203 ni ya milimita 17 ndani, 40 nje na 12 unene, iwe ya gari, pampu au mashine ya kusaga. Ulizia kwanza duka la beringi hapa hapa mjini. Oili sili, zile pete za kuzuia oili kuvuja, nazo zina vipimo vitatu, ndani, nje na unene. Za Toyota zinazoanza na 90311, tarakimu mbili zinazofuata ndizo kipenyo cha ndani: 90311-47 inavaa shafti ya milimita 47.

Kwa spea za mtumba, hedi na pampu ya dizeli vinanunulika vikikaguliwa. Gasketi, beringi, ringi na taiming belti (mkanda unaozungusha kemu), kamwe. Belti ya 2L ikikatika inapinda valvu, na hapo unarudi kutafuta hedi.

Hedi hizo nyingi zinaharibika kwa sababu tunaijua. Gari linapanda Newala na mzigo wa korosho, rejeta ina maji ya kisima cha pwani yenye chumvi, njia za maji zinaoza na kuziba, gari linachemsha, hedi inapinda. Hedi ikiskimiwa, yaani ikichongwa uso ili inyooke, kupita kiasi valvu zinasogea karibu na pistoni. Kulenti (dawa ya maji ya rejeta) iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi ni nafuu kuliko hedi moja.

Ombi langu ni kwa watu wawili. VETA Mtwara na Lindi waweke mafunzo mafupi ya jioni ya mikrometa na geji kwa mafundi walioko gerejini tayari. Wengi ni hodari wa mikono na hawajawahi kufundishwa kupima. Wenye maduka nao waandike namba kamili ya spea kwenye risiti na kukubali kurudishiwa kisichofunguliwa.

Na kifurushi kikishapatikana, mwambie mtu wa Dar asikunje gasketi ya hedi. Aiweke katikati ya mbao nyembamba mbili, aifunge kamba, aandike juu "isikaliwe". Kranki iliyochongwa ipakwe grisi, ifungwe nailoni, na ikifika isimame wima kwenye kona hadi siku ya kufungwa. Ikilazwa muda mrefu bila kuegemezwa sawasawa inaweza kupinda.

Fundi wa injini za dizeli,
Mikindani, Mtwara