Salim, kapasita baadaye

Tudor, Mombasa
Jumapili usiku

Salim sahibu yangu,

Sisi huku wazima alhamdulillahi, joto tu ndio latukaanga. Picha ya bodi yako nimeiona, na swali lako nimelisoma mara mbili, ati nikwambie kapasita niliyoweka mimi kurekebishia antena na wewe uweke hiyohiyo. Wallahi nakwambia bila choyo, ni pikofaradi 1.2, lakini haitakufaa manake hio ni dawa ya bodi yangu, yako ina ugonjwa wake.

Waikumbuka ile saketi ya tangi la mjomba kule Kisauni, ya kutwambia maji yamebaki kiasi gani kabla wapangaji hawajaanza kubisha na mitungi? Mimi nilijua antena ni ule mstari wa shaba wa pembeni basi. Kwa gigahazi 2.4, masafa ya redio yetu, wimbi ni sentimita 12 na nusu, robo yake milimita 31 hivi, ukichora juu ya bodi unafupisha kidogo, nikaona nimemaliza. Kumbe graundi ya bodi, ile shaba iliyotandazwa, nayo ni nusu ya antena, na mimi chini ya mstari nimejaza shaba kote, betri nimeilaza ubavuni mwake kama bwana na bibi harusi. Kutoka paani hadi chini data ikitaka inafika, isipotaka haifiki.

Nikaazima NanoVNA, kimashini cha kupima antena, kinachora grafu ya nguvu inayorudi, pale inapozama ndipo inarudi kidogo (ukinunua yako angalia ifike gigahazi 3, kuna za bei rahisi zinaishia chini ya hapo), nikachomelea kwa risasi kipande cha kebo pale antena inapoanzia, na hapo nikapoteza siku nzima. Nikishika kebo grafu inahama, nikiachilia inarudi, nikadhani mashini mbovu, kumbe kebo yenyewe imegeuka antena! Ivike pete za feraiti karibu na bodi, zimzuie kebo asirushe mawimbi, na kule kuisawazisha mashini kabla ya kupima ufanyie mwisho wa kebo, sio mdomoni mwa mashini.

Basi nikachapisha bodi nyingine, chini ya antena hakuna shaba hata chembe, betri nimeihamisha upande wa pili. Grafu ikazama vizuri kwenye gigahazi 2.44. Nikafurahi, nikatia kila kitu kwenye boksi la plastiki, nikafunga skrubu, kebo imetokea katundu kadogo, napima tena, imeteremka mpaka 2.36. Plastiki tu hio, wala sio chuma! Kwenye 2.44 yasoma desibeli -5, yaani karibu thuluthi ya nguvu inarudi ilikotoka. Nikakwangua mstari kama milimita moja kwa wembe, nikaweka hio kapasita yako unayoililia, ikafika -15.

Sasa piga hesabu, hizo -5 na -15 ni za nguvu inayorudi, kwa ile inayotoka hewani nimeokoa desibeli moja na nusu tu, sio kumi. Kilichofanya data ifike chini kila mara ni kuondoa shaba na betri, kapasita ilikuja kumalizia tu. Na grafu isikulevye, ukichomelea rezista ya omu 50 badala ya antena itameza nguvu yote, grafu itazama kushinda yangu, na hakuna kitakachoruka hewani.

Kwa hivyo usitume bodi kiwandani bado. Kwenye picha yako naona shaba imepita mpaka chini ya antena, futa yote, na ile soketi ya chaji isogeze mbali. Kati ya chipu na antena acha nafasi za vipande vitatu, kimoja njiani na viwili vya kushuka graundi, kwa kuanzia weka rezista ya omu 0 njiani, yaani daraja tu, na hivyo viwili uache wazi. Mstari uache mrefu kidogo, kukata ni rahisi kuliko kuunga. Ukishapima ndani ya boksi lake, limefungwa, hapo ndio niulize kapasita.

Nitumie mchoro mpya kabla hujalipa, mi silali mapema siku hizi. Mjomba akusalimu, asema tangi sasa laongea vizuri, ila mfereji ndio umenyamaza.

Wako,
Hamadi